Wakili aliyenisimamia fidia ya ajali hapa Mbeya: nilivyohudumiwa

Tangu nianze kutembea bila magongo, wateja na majirani wananiuliza swali lilelile: yule wakili wa fidia anafaa, au anakula hela za watu? Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa naandika, ili na mwingine aliyelala wodini na mguu wake umefungwa apate pa kuanzia.

Anafaa. Kwenye makaratasi na kwenye kumwambia mteja ukweli, sijaona wa kumfananisha naye. Kwenye simu, ofisi yake inatesa watu, na hilo nitalieleza bila kuficha.

Jina la ofisi siandiki. Mwenyewe aliniomba hivyo, maana maadili ya kazi yao yanawabana mawakili kwenye mambo ya kujitangaza, nami nimeona nimheshimu. Iko mjini, upande wa Uhindini, ghorofani, na jengo halina lifti.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa. Siku ya ajali nilikuwa abiria kwenye kosta, natoka msibani Tukuyu, nimekaa siti ya nyuma kabisa. Kwenye mteremko wa kushukia Igawilo, fuso lililosheheni viazi likatuvaa kwa nyuma. Mguu wangu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Nikafanyiwa upasuaji Hospitali ya Rufaa ya Kanda, nikawekewa chuma. Mashine yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo mguu ule ndio uliokuwa unalisha nyumba.

Dereva wa fuso alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akalipa faini, akarudi barabarani. Watu wote wakaniambia, mama, kesi imeshaisha, mshukuru Mungu uko hai. Shemeji yangu hakukubaliana nao. Ndiye aliyenipeleka kwa huyu wakili.

Neno la kwanza aliloniambia lilinifungua macho. "Mama, iliyoisha ni kesi ya Jamhuri na dereva. Ile faini imekwenda serikalini. Ya kwako wewe haijafunguliwa." Akaongeza kwamba dereva kukiri kosa kumetupunguzia nusu ya kazi, kwa sababu hatutahangaika kuthibitisha nani alikosea, tunachohitaji ni nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama. Akanieleza taratibu kwamba kosa la dereva aliye kazini linamfuata mwenye gari, na nyuma ya mwenye gari kuna kampuni ya bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari litembee barabarani bila kuwa walau na ile tunayoiita bima ndogo. Bima hiyo hailitengenezi gari la aliyeikata wala haimtibu dereva wake. Ipo kwa ajili ya mtu kama mimi, aliyeumizwa na gari la mwenzake. Mwenye gari dogo analipia bima hiyo kila mwaka akidhani ananunua amani ya kutosimamishwa na trafiki, kumbe ile hela ina kazi yake, na kazi yenyewe ni mguu wangu.

Hapohapo akafungua simu yake, akaingia kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, akaandika namba ya fuso. Ikaja kampuni iliyolikatia bima na tarehe ya bima kuisha. Ilikuwa hai siku ya ajali. Ingekuwa imekufa, alisema, tungebaki kumdai mwenye gari peke yake, na hapo kazi ingekuwa kutafuta ana mali gani. Hili unaweza kulifanya mwenyewe kabla hujamwona wakili yeyote: mwambie ndugu yako apige picha namba za magari yote mawili na stika zake kabla hayajavutwa kupelekwa kituoni.

Kuhusu muda, shauri la madai ya namna hii lina ukomo wa miaka 3. Watu wanasikia miaka 3 wanalala. Yeye alinihimiza tangu mwanzo, kwa sababu askari aliyepima ajali huhamishwa kituo, dereva hubadilisha namba ya simu, na gari huuzwa.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo nilipoona tofauti ya wakili anayejua kazi na anayebahatisha.

Nilimpelekea bahasha ya kaki imejaa risiti, dada yangu ndiye aliyekuwa anazitia humo tangu siku ya upasuaji. Akazimwaga mezani, akaanza kuzinyoosha moja moja kwa kiganja. Risiti za mashine za EFD zinachapwa kwa joto kwenye karatasi laini, na zikikaa, maandishi yanapauka mpaka inabaki karatasi nyeupe. Zangu za mwanzo zilikuwa zimeshaanza kupauka. Ya duka la dawa ilikuwa inasomeka tarehe tu na jumla. Hakungoja. Alimwita karani azitoe kopi zote kabla sijanyanyuka pale, akazibana kwa stepla nne nne kwenye karatasi kubwa, na pembeni akaandika kwa kalamu: dawa, picha ya mguu, magongo, kitanda. Akaniambia kwamba hela niliyoitoa mfukoni mahakama huwa inataka itajwe kwa kiasi chake na ithibitishwe kwa karatasi. Haikadirii wala haionei huruma. Maumivu na ulemavu ndivyo hakimu anavyovipima kwa busara yake. Kwa hiyo risiti iliyopotea ni hela iliyopotea.

Nikamwuliza, na bajaji? Nimepanda bajaji kwenda kliniki mpaka dereva amekuwa kama ndugu, na bajaji haitoi risiti. Akasema za nyuma tutamtumia dereva mwenyewe kama shahidi, na kuanzia leo mlipe kwa simu ili ujumbe ubaki. Nilifanya hivyo, na zile jumbe zilichapishwa zikaingia kwenye faili.

Lakini kilichonifanya nimwamini kabisa ni daftari langu la oda. Mimi sina hati ya mshahara, na asiye na hati ya mshahara ndiye anayepunjwa kuliko wote kwenye fidia, kwa sababu kila mtu anamkadiria anavyotaka. Mwingine pale mjini, kabla ya huyu, alishaniambia nisahau habari ya kipato. Huyu akaniuliza: unaandika wapi vipimo vya wateja? Nikamletea daftari. Kila oda ina jina, kiuno, kifua, urefu, bei, na alichotanguliza mteja. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayesoma barua ya nyumbani, halafu akanyanyua kichwa. "Mbona Desemba na Januari kurasa zimejaa hivi?" Nikamwambia ni sare za shule, msimu ule mmoja ndio unanibeba mpaka Pasaka. Mimi niliumia Novemba. Akachukua kikokotoo, akajumlisha msimu wa mwaka uliotangulia, akatoa gharama za vitambaa na nyuzi, akaandika kiasi. Mbele ya macho yangu mateso yangu yakawa hesabu ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua. Nililia pale ofisini, sioni aibu kusema.

Upande wa polisi tulihitaji PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ambayo ni bure na kila aliyeumia ahakikishe anayo, PF 90 inayoeleza ajali yenyewe, PF 115 ya ukaguzi wa gari, na ramani ya ajali. Karani wake ndiye aliyefuatilia hizo, na alizipata. PF3 yangu ilikuwa imeandikwa tu "maumivu makali mguuni". Wakili akaikataa kuwa ndiyo iwe ushahidi wetu wa kuumia. Akaandika barua kwa daktari wa mifupa aliyenitibu, akimwomba ataje vitu viwili: asilimia ya ulemavu wa kudumu, na kama kuna matibabu yaliyobaki. Daktari akajibu kwamba chuma kitapaswa kutolewa baadaye, na akaandika makadirio ya gharama. Mstari ule mmoja uliingia kwenye madai. Bila kuuliza swali lile, upasuaji wa pili ungekuwa juu yangu. Na chuma chenyewe, kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, kinaniamsha usiku, kwa hiyo najua nazungumzia nini.

Niseme na habari ya vishoka, maana ni wengi. Nikiwa bado wodini alinijia kijana amevaa tai, ameshika fomu, anasema ni wa ofisi ya sheria, nisaini tu yeye atamaliza kila kitu na tugawane nusu kwa nusu. Kitanda cha jirani alikuwepo mama wa Mbalizi aliyekwisha kusaini kwa mtu kama huyo na hakuwa hata na nakala ya alichosaini. Ndugu zangu, wakili anatambulika. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambao ukiandika jina unaona kama mtu yumo kwenye orodha ya mawakili na kama ana ruhusa ya kufanya kazi kwa sasa. Huyu wangu mwenyewe ndiye aliyenionyesha jina lake humo, kabla hata hatujazungumza hela.

Hela zenyewe tuliandikiana. Kulikuwa na kiasi cha kufungulia faili na gharama za mahakama, na kiasi cha kulipwa kazi ikiisha. Mkataba ulikuwa kwa Kiswahili, nakala moja nikabaki nayo, na kila nilipolipa nilipewa risiti. Ada yake si ndogo. Kwa fundi wa Mwanjelwa kile kiasi cha mwanzo kilikuwa kizito, na nilichangiwa na kikoba changu. Ila nilijua nalipa nini, na hakuongeza senti katikati ya safari.

Alianza kwa barua ya madai, moja kwa mwenye fuso, nyingine kwa kampuni ya bima. Mwenye fuso hakujibu. Bima walikaa kimya muda mrefu, halafu wakaja na Sh1,200,000, pamoja na fomu ya kusaini. Ile fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini makaratasi ya bima bado yanamjia mama wa sokoni kwa lugha asiyoijua, na hili linaniuma hasa. Wakili alinisomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Ilisema kwamba nimepokea malipo yote na ya mwisho, na kwamba sitamdai tena dereva, mwenye gari wala bima kwa lolote linalotokana na ajali ile. Akaweka kalamu mezani akasema, "Uamuzi ni wako, mama. Ila ukisaini hii, chuma utakitoa kwa hela yako." Hakunisukuma. Nilikuwa na deni la kodi ya kibanda na ada ya mtoto, na milioni ile ilinitamanisha sana. Nikarudi nyumbani nikalala nalo, asubuhi nikamwambia tusonge mbele.

Tukafungua shauri, na kabla ya kusikilizwa likapelekwa kwenye usuluhishi, kama yanavyopelekwa mashauri ya madai. Pale tukakaa meza moja na mwanasheria wa bima. Wakili wangu hakupaza sauti hata kidogo. Kila mwenzake aliposema "hakuna uthibitisho", yeye alifungua faili akasukuma karatasi. Kwenye kipato akasukuma daftari langu. Tukamalizana kwa Sh7,500,000, makubaliano yakasajiliwa mahakamani yakawa amri ya mahakama, ili wasije wakageuka. Na hapa ndipo namsifu kuliko pote: akaunti iliyoandikwa kwenye makubaliano ilikuwa yangu mimi, ya benki yangu. Hela iliingia kwangu, nami nikamlipa kilichobaki kwa mujibu wa mkataba. Nimesikia watu wengi hapa Mbeya wakilia kwamba fidia iliishia kwenye akaunti ya aliyewasimamia.

Sasa kasoro. Kubwa ni mawasiliano. Mteja anaweza kupiga simu wiki nzima isipokelewe, na ujumbe usijibiwe. Mtu aliyevunjika mguu, anayedaiwa kodi, akikaa bila kujua faili lake liko wapi anaumia mara ya pili. Kuna wakati shauri lilisogezwa mbele na hakuna aliyeniambia; nilikodi bajaji kutoka nyumbani, nikapanda ngazi za mahakama na magongo yangu, nikaambiwa na karani wa pale kwamba leo hakuna kitu. Nilimweleza wakili kwa uchungu, akaniomba radhi, na baada ya hapo karani wake akawa ananitumia ujumbe. Lakini kwa nini mpaka mtu alalamike? Ofisi inayohudumia majeruhi inapaswa kujua hili kuliko ofisi yoyote. Halafu zile ngazi. Wateja wake wengi wana magongo, na ofisi iko juu. Ukipiga simu kabla, na ukibahatika ikapokelewa, karani anashuka na kukuhudumia kwenye benchi la chini. Hilo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa mlangoni pa jengo.

Je, kila aliyepata ajali amtafute wakili? Kwa maoni yangu, hapana. Kama umechubuka tu au baiskeli yako imepondwa na makosa ya dereva yako wazi, chukua makaratasi yako ya polisi na risiti, nenda mwenyewe kwenye kampuni ya bima. Wakikuzungusha, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapahapa Mbeya, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Wakili mwenyewe ndiye aliyeniambia haya, kwa ajili ya jirani yangu niliyetaka kumpeleka kwake, akasema kwa jambo dogo lile ada yake yeye wakili itakula fidia yote. Wakili anayemkataa mteja kwa sababu hiyo, mimi namheshimu.

Na kama uliumia ukiwa kazini, njia ni nyingine. Utingo wa lile fuso alivunjika mkono, na ajali ilisababishwa na dereva wake mwenyewe. Yeye ni mfanyakazi mwenye mwajiri, kwa hiyo pa kuanzia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako huulizwi nani alikosea, unaulizwa kama uliumia katika kazi. Wakili alimwelekeza bure, kwa simu ya shemeji yangu, wala hakumfungulia faili.

Kwa sisi tunaoishi kwenye hii barabara ya Tunduma kuna jambo jingine: malori ya Zambia, Malawi na Kongo. Wengi wanaamini ukigongwa na gari la nje ndiyo basi, likivuka mpaka hela zimevuka nalo. Yule mama wa Mbalizi aligongwa na lori la Zambia na ndugu zake walishakata tamaa. Wakili akauliza kama kuna aliyeiona Kadi ya Njano ya COMESA kwenye lori lile. Hiyo ndiyo bima inayolifuata gari la nchi iliyo kwenye mpango huo likiingia nchi nyingine ya mpango, na majeruhi anadai hapahapa nchini. Namba ya kadi ilikuwa imeandikwa kwenye taarifa ya polisi, ikapatikana. Kwanza ilibidi wakili amvue yule mama kwenye karatasi aliyomsainia kishoka, na shauri lake bado linaendelea.

Mashine yangu nimeifunga mota ya umeme kwa sehemu ya ile fidia, hela ya kutoa chuma nimeiweka kando benki, na kodi ya kibanda nimeimaliza. Nyota nampa nne kati ya tano. Ya tano ataipata siku ofisi yake itakapokuwa na mtu wa kupokea simu kutwa nzima. Mwenye kuhitaji jina anitumie ujumbe, nitamwelekeza. Na ukienda, beba kila karatasi uliyonayo, hata ile unayoona haina maana, na upige simu kabla ya kufika kama huwezi ngazi.